Jinsi ya Kutumia Kipimo cha DNA Kumtambua Samaki Aliyeuzwa kwa Jina Lisilo Lake

Samaki akishachunwa ngozi, akakatwa kichwa na mapezi, hubaki mnofu mweupe na neno la muuzaji. Hata mvuvi wa miaka mingi hupata taabu kutofautisha mnofu wa chewa na wa pangasi wa kufugwa (Pangasianodon hypophthalmus), seuze mnunuzi wa kawaida. Mwenye nia mbaya hupenyea hapo hapo: samaki wa bei ndogo hupewa jina la samaki wa bei kubwa, na tofauti ya fedha humwingia yeye.

Hasara hiyo si ya mfukoni peke yake. Mwaka 2007 watu wawili katika eneo la Chicago, Marekani, waliugua baada ya kula samaki aliyeuzwa kama Lophius (kwa Kiingereza monkfish). Uchunguzi, pamoja na kipimo cha DNA, ulionyesha kuwa alikuwa wa familia ya bunju, na sumu ya tetrodotoksini ikapatikana katika nyama yake. Yuko pia eskola (Lepidocybium flavobrunneum), ambaye mara nyingi huuzwa kama “jodari mweupe”. Nyama yake imejaa mafuta ya aina ya nta ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuyasaga, na mlaji huishia kuharisha mafuta. Japani ilipiga marufuku kumuuza mwaka 1977. Mtu anayekula samaki huyo chini ya jina jingine hanyimwi fedha tu. Ananyimwa nafasi ya kujilinda.

Mwongozo huu ni kwa mkaguzi, mnunuzi wa shehena, mwalimu au mwanafunzi wa maabara anayetaka kupima mwenyewe, au anayetaka kupeleka sampuli kwenye maabara ya kulipia na kuelewa majibu yatakayorudi. Usipokuwa na maabara, hatua mbili za mwanzo na zile za kusoma majibu bado ni zako. Kwa maoni yangu hizo ndizo zinazoamua kama kipimo kitafaa au kitapotea bure.

Hatua ya 1: Andika jina unalolitarajia kabla ya kushika kisu

DNA haijui “chewa” wala “changu”. Inajua spishi. Majina ya sokoni ni mapana: “chewa” peke yake hubeba spishi nyingi za Epinephelus na jamaa zake, na “changu” vivyo hivyo. Kwa hiyo anza kwa kutafsiri jina la kwenye lebo kuwa majina ya kisayansi. Katika Umoja wa Ulaya kazi hii ni nyepesi, kwa kuwa Kanuni namba 1379 ya mwaka 2013 inadai lebo za bidhaa nyingi za samaki zionyeshe jina la biashara pamoja na la kisayansi. Marekani, mamlaka ya chakula na dawa, FDA, ina orodha inayoonyesha ni spishi zipi zinaruhusiwa kubeba jina gani. Nyaraka za shehena nazo huweza kuwa na vifupisho vya herufi 3 vya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa: YFT ni Thunnus albacares, BET ni Thunnus obesus, SKJ ni Katsuwonus pelamis.

Chora jedwali la safu tatu: jina lililoandikwa kwenye bidhaa, spishi zinazoruhusiwa kwa jina hilo katika nchi ilikouzwa, na spishi unazozishuku. Kwa safu ya tatu, wapo wanaojirudia. Oreochromis niloticus, yaani sato, huuzwa kama Lutjanus mwekundu (kwa Kiingereza red snapper). Pangasi huuzwa kama wayo au chewa. Sangara (Lates niloticus) naye huuzwa kama chewa. Salmoni wa kufugwa wa Atlantiki (Salmo salar) huuzwa kama salmoni wa mwituni wa Pasifiki (Oncorhynchus).

Tia sahihi na tarehe kwenye jedwali hilo. Ukiliandika baada ya kuona majibu, utajikuta unalivuta jina lifuate matokeo, na hutatambua kwamba umefanya hivyo.

Angalizo kuhusu takwimu. Kati ya 2010 na 2012 shirika la Oceana lilikusanya sampuli 1,215 Marekani na kukuta asilimia 33 zina jina lisilo sahihi. Katika sampuli 120 zilizouzwa kama Lutjanus mwekundu, 7 tu zilikuwa Lutjanus campechanus, spishi halisi ya jina hilo. Takwimu hizo ni nzito, lakini wakusanyaji waliwalenga samaki wanaojulikana kubadilishwa majina. Ukitaka kusema jambo kuhusu soko zima, sampuli zako zichaguliwe kwa bahati nasibu. Ukilenga washukiwa, sema wazi kwamba ulilenga.

Hatua ya 2: Chukua sampuli kana kwamba itafika mahakamani

Kazi nyingi huharibikia hapa. Niliwahi kuona seti nzima ya sampuli ikitoa jibu moja, salmoni, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Samaki hawakuwa salmoni. Mkasi mmoja ulikata wote bila kusafishwa, na wa kwanza alikuwa salmoni. Wiki mbili za kazi zilipotea, na baadhi ya bidhaa zilikuwa zimeshaliwa, kwa hiyo hapakuwa na cha kurudia.

Piga picha kwanza: bidhaa nzima, lebo, namba ya fungu, tarehe, risiti. Samaki akiwa mzima, mpige picha ubavuni akiwa amekunjua mapezi, na umhifadhi mwenyewe kwenye friza, kwa sababu mwili wake ni ushahidi ambao hakuna mfuatano wa DNA unaoweza kuuziba pengo lake. Mnofu ukiwa kwenye pakiti, usitupe pakiti.

Usichukue nyama ya juu. Uso wa mnofu umegusana na meza, maji, barafu na samaki wenzake. Kata tabaka la nje, badilisha kisu, kisha chukua kipande cha ndani. Kinachohitajika ni kidogo sana: miligramu 20 hivi, ukubwa wa punje ya mchele. Chukua vipande viwili kutoka sehemu mbili za mnofu huo huo, A na B. Kipande A kinakwenda kupimwa. Kipande B kinafungwa na kutunzwa bila kuguswa, tayari kwa siku ambayo muuzaji atapinga.

Kati ya sampuli na sampuli badilisha glavu, na tumia wembe mpya. Kama huna wembe wa kutosha, chovya kisu na kibano kwenye klorini ya kufulia iliyozimuliwa hadi asilimia 10, suuza kwa maji safi, chovya kwenye ethanoli, kisha pitisha kwenye moto. Ethanoli peke yake haitoshi: inaua vijidudu lakini DNA inabaki imeng'ang'ania chumani.

Hifadhi kipande kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, ethanoli iwe mara kumi ya ujazo wa nyama, kisha weka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Usitumie formalini kamwe, kwa sababu inafunga DNA na kuikatakata. Andika lebo kwa penseli kwenye karatasi ngumu na uitumbukize ndani ya tyubu. Wino wa kalamu nyingi huyeyuka kwenye ethanoli, na asubuhi utakuta tyubu 40 zisizo na majina.

Kwa samaki wa kopo, mwaga mafuta au mchuzi, suuza vipande kwa maji safi na chukua vipande kadhaa kutoka pembe tofauti, kwa kuwa kopo moja linaweza kuwa na samaki zaidi ya mmoja. Bidhaa ya kusagwa, kama vile soseji au kababu za samaki, ina mahitaji mengine, nayo yako mbele.

Kila anayeipokea sampuli atie sahihi, tarehe na saa. Mnyororo huo ukikatika mara moja, jibu linabaki kuwa maarifa yako tu.

Hatua ya 3: Chagua kipande cha DNA kinacholingana na hali ya samaki

Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walipendekeza kipande kimoja cha jeni iitwayo COI, iliyo katika mitokondria (viungo vidogo ndani ya seli vyenye DNA yao), chenye besi, yaani herufi za DNA, karibu 650, kitumike kama msimbopau wa kutambua wanyama. Mwaka 2005 watafiti wa Australia walikijaribu kwa spishi 207 za samaki. Walikuta kwamba samaki wa spishi moja hutofautiana kwa wastani wa asilimia 0.39, ilhali spishi za jenasi moja (kundi la spishi za karibu, kama Lutjanus) hutofautiana kwa wastani wa asilimia 9.93. Pengo hilo ndilo linalokifanya kipimo hiki kifanye kazi. FDA ilianza kukitumia katika kazi zake za udhibiti mwaka 2011.

Kwa samaki mbichi, wa barafu, wa chumvi au aliyepikwa kidogo, anza na COI nzima. Kwa samaki wa kopo usipoteze muda nayo: joto la kuua vijidudu huvunja DNA vipande vipande, vingi vikiwa chini ya besi 200, na huwezi kusoma besi 650 kutoka kwenye uzi uliokatika. Tumia kipande kifupi cha COI au cha saitokromu b, jeni nyingine ya mitokondria. Katika utafiti uliochapishwa 2015 kuhusu bidhaa 44 zilizosindikwa, vipande vifupi vilifaulu katika asilimia 93.2 ya bidhaa, na msimbopau mzima katika asilimia 20.5 tu.

Jodari ni mtihani peke yake. Spishi 8 za Thunnus zimekaribiana mno, na COI haizitenganishi kwa uhakika. Tumia eneo la udhibiti la mitokondria, kisha uthibitishe kwa kipande cha ITS1 kilicho kwenye kiini cha seli. Uthibitisho huo ni wa lazima, kwa kuwa baadhi ya Thunnus thynnus hubeba mitokondria ya Thunnus alalunga waliyoirithi kutokana na kuchanganyika zamani.

Hatua ya 4: Toa DNA

Kausha ethanoli kwenye kipande, kiweke kwenye kimiminika cha kuyeyushia nyama pamoja na kimeng'enya cha proteinasi K, uache kwenye nyuzi 56 kwa saa 1 hadi 3, au usiku kucha kama nyama ni ngumu. Kisha pitisha kwenye kichujio cha silika kufuata maelekezo ya seti ya vifaa (kit) uliyonunua. Kila kundi la sampuli liwe na tyubu moja isiyo na nyama, iliyopitia kila hatua. Tyubu hiyo ikitoa DNA mwishoni, una uchafu, na majibu yote ya kundi hilo hayaaminiki.

Pima wingi na usafi. Uwiano wa mwanga unaofyonzwa katika nanomita 260 kwa ule wa 280 ukikaribia 1.8, endelea. Kwa bidhaa zenye viungo, chumvi au moshi, zimua DNA mara 10 kabla ya kukata tamaa, maana mara nyingi DNA ipo na kinachokosekana ni nafasi ya kimeng'enya kufanya kazi.

Hatua ya 5: Zidisha kipande kwa PCR

PCR ni njia ya kunakili kipande kimoja cha DNA mara nyingi, na praima ni vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha kunakili kuanzie wapi. Praima mbili za samaki zinazotumika sana kwa COI nzima ni FishF1 (TCAACCAACCACAAAGACATTGGCAC) na FishR1 (TAGACTTCTGGGTGGCCAAAGAATCA). Katika mikrolita 25, programu ni hii: nyuzi 95 kwa dakika 2, kisha mizunguko 35 ya nyuzi 94 kwa sekunde 30, nyuzi 54 kwa sekunde 30 na nyuzi 72 kwa dakika 1, mwisho nyuzi 72 kwa dakika 10. Weka tyubu moja yenye DNA ya samaki unayemjua na moja yenye maji badala ya DNA.

Pitisha kwenye jeli ya agarosi ya asilimia 1.5. Unatafuta mstari mmoja safi karibu na besi 700, kwa sababu urefu wa praima umejumlishwa humo. Mistari miwili maana yake urekebishe joto la praima kushikana na DNA (zile nyuzi 54). Ikiwa tyubu ya maji ina mstari, simama urudie yote.

Hatua ya 6: Soma mfuatano, kisha uusafishe kwa macho yako

Peleka usomwe kwa mbinu ya Sanger, inayosoma mfuatano mmoja kwa wakati, pande zote mbili. Kinachorudi ni kromatogramu, yaani vilele vya rangi nne. Usiruke moja kwa moja kwenye maandishi ya herufi. Fungua vilele uvitazame. Mwanzo na mwisho huwa na fujo, kata. Kata pia sehemu za praima, kwa sababu herufi hizo ni zako, si za samaki. Unganisha pande mbili, na pale zinapopingana andika N badala ya kubahatisha. Kwa COI nzima mimi sikubali chini ya besi 500 safi.

Vilele viwili vikipandana mfululizo, sampuli ina DNA za samaki wawili, au umezidisha nakala bandia ya jeni iliyojificha kwenye kiini. Njia ya kuikamata nakala bandia ni kutafsiri mfuatano kuwa protini: COI halisi haina alama ya kusimama katikati. Ila chagua jedwali la tafsiri la mitokondria ya wanyama wenye uti wa mgongo, ambalo ni namba 2. Katika jedwali la kawaida TGA ni alama ya kusimama. Katika mitokondria ni triptofani, moja ya asidi amino zinazojenga protini. Wanafunzi wengi wametupa mifuatano mizuri kwa kosa hili, na inasikitisha kwa sababu sampuli ilikuwa sahihi na kazi ilikuwa safi.

Hatua ya 7: Linganisha na hifadhidata, bila kuamini mstari wa kwanza

Hifadhidata mbili ndizo kuu: BOLD, iliyojengwa kwa ajili ya misimbopau, na GenBank, iliyo kubwa zaidi lakini yenye usimamizi mlegevu zaidi wa majina. Tafuta katika zote mbili. Ulinganifu wa asilimia 98 au zaidi, juu ya karibu urefu wote wa mfuatano wako, ni mahali pa kuanzia mazungumzo tu.

Teremka kwenye orodha. Mifuatano 30 ya kwanza ikiwa na jina moja, kutoka maabara mbalimbali, na baadhi ikiwa na kielelezo kilichotunzwa makumbusho, na jina la pili likianzia asilimia 92, jibu lako limesimama. Lakini ukiona majina mawili au matatu yamechanganyika kati ya asilimia 99 na 100, usichague lile unalolipenda. Aidha mtu mmoja aliandika jina baya alipoweka mfuatano wake, au spishi hizo kweli hazitenganishwi na COI. Lutjanus campechanus na Lutjanus purpureus ni mfano. Baadhi ya Sebastes ni mfano mwingine. Chora mti wa ukoo ukiweka mfuatano wako pamoja na spishi zote za jenasi hiyo, utazame unaangukia kwenye tawi lipi. Tawi lisipokuwa wazi, jibu la haki ni jenasi, na linatosha mara nyingi: anayeuza Oreochromis kama Lutjanus amepotosha, hata kama hujui ni Oreochromis yupi.

Bidhaa zilizochanganywa, na wakati wa kutumia njia nyingine

Kababu, soseji na mikate ya samaki ina spishi kadhaa, na mbinu ya Sanger itatoa vilele vilivyopandana visivyosomeka. Hapo tumia usomaji wa kizazi kipya, unaosoma kila kipande cha DNA peke yake na kuvipanga kwa spishi. Kumbuka idadi ya vipande si uzito wa nyama. Ukipata asilimia 60 ya vipande vya spishi moja, usiandike kwamba bidhaa ina asilimia 60 ya samaki huyo. Vipande vichache sana vinaweza kuwa mabaki ya kisu cha kiwandani.

Kama swali lako ni moja na linajirudia, kwa mfano “je, huyu ni eskola?”, huhitaji kusoma mfuatano kila mara. PCR ya papo kwa papo (real-time PCR) yenye praima za spishi moja hutoa jibu ndani ya saa chache. Udhaifu wake ni kwamba ikisema “siye”, haikwambii ni nani.

Mambo ambayo kipimo hiki hakisemi

Hakisemi samaki alifugwa au alivuliwa, pale spishi inapokuwa moja. Salmo salar wa bwawani na wa mtoni wana COI ile ile. Hakisemi alivuliwa wapi, wala ni mbichi au aliyeyeyushwa kutoka barafu. Na kwa kuwa mitokondria hurithiwa kwa mama, chotara huonekana kama spishi ya mama yake tu. Chewa wa kufugwa na jamii ya sato huzalishwa sana kwa kuchanganywa, kwa hiyo kwa makundi hayo ongeza kipimo cha DNA ya kiini.

Hatua ya 8: Andika jibu

Andika ulichokiona: “Mfuatano wa COI wa besi 642 kutoka sampuli A umelingana kwa asilimia 99.8 na Oreochromis niloticus. Bidhaa iliandikwa Lutjanus campechanus. Spishi iliyopatikana haimo katika orodha ya zinazoruhusiwa kwa jina hilo.” Neno “udanganyifu” usiliandike. Udanganyifu ni nia, na nia haionekani kwenye kromatogramu. Huenda jina lilibadilika melini, kiwandani, kwa msambazaji, au katika tafsiri kutoka lugha moja kwenda nyingine. Muuzaji wa mwisho mara nyingi ametapeliwa kama mnunuzi wake, na kumtangaza mwizi kwa kipande kimoja cha nyama ni kumdhulumu. Kabla ya hatua yoyote ya kisheria pima sampuli nyingine za fungu lile lile, na urudi nyuma kwenye nyaraka hatua kwa hatua hadi upate mahali ambapo jina la kisayansi lilipotea.

Ambatanisha jedwali la hatua ya 1, picha, mnyororo wa sahihi, faili za kromatogramu zenyewe na tarehe ulipotafuta kwenye hifadhidata, kwa kuwa rekodi zake huongezwa na kusahihishwa. Mpe muuzaji nakala na muda wa kujibu. Akipinga, kipande B kifunguliwe mbele ya mwakilishi wake na kipelekwe maabara ya pili ambayo haijaambiwa jibu la kwanza.